Kaisari akishika mfuko wa sadaka

Mwaka 370 waumini wa Roma walisomewa makanisani amri ya Kaisari Valentiniano. Ilitumwa kwa Damaso, askofu wa mji, na waliolengwa walikuwa makasisi wake: ni marufuku kuzengea nyumba za wajane na mayatima wa kike, na chochote ambacho kasisi atapewa au kurithishwa na mwanamke aliyejiambatanisha naye kwa kisingizio cha dini kitakuwa batili na kitaingia hazina ya dola. Miaka ishirini na ushei baadaye Yeronimo, aliyeipa Magharibi Biblia ya Kilatini, aliikumbuka amri hiyo kwa uchungu. Makuhani wa sanamu wanaruhusiwa kurithi, aliandika, na waigizaji, na waendesha magari ya mashindano, na makahaba. Ila makasisi na watawa ndio wamezuiwa, tena na wafalme Wakristo, si na watesi. Hakuilalamikia amri. Kilichomuuma ni kwamba tumestahili kuwekewa.

Tuziangalie tarehe. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano alianza kubomoa makanisa na kuchoma Maandiko. Waliokataa kuitolea miungu sadaka walifungwa, wakapelekwa migodini, wakauawa. Mwaka 313 makaisari Konstantino na Likinio walikubaliana mjini Milano kuwapa Wakristo uhuru wao na kuwarudishia mali zilizotaifishwa. Mtu aliyezaliwa wakati wa mateso angeweza kabisa kuwa hai mwaka 370, mzee wa miaka sitini na kitu, amesimama kanisani anasikia dola ikiwalinda wajane dhidi ya mapadre wake mwenyewe. Maisha ya mtu mmoja yalitosha kwa safari yote hiyo.

Sisi Wakristo tukijadili dini na siasa huwa tunazunguka swali moja: Kanisa liingie kwenye siasa au likae pembeni? Swali hilo limenichosha, kwa sababu hakuna kanisa lililowahi kukaa pembeni. Linaponyamaza, kuna mtu ananufaika na ukimya wake. Swali ninalotaka tulikabili ni la mfukoni. Nani analipa mishahara ya watumishi? Nani ametoa kiwanja, nani amesamehe kodi, nani amemalizia paa? Na siku mtu huyo akiua, akiiba au akidhulumu, nani kanisani atamwambia usoni? Naamini historia ya Ukristo na madaraka, kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyopenda kukiri, ni historia ya majibu ya maswali hayo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote naona uko Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Kuanzia 1885 hadi 1908 nchi ile ilikuwa milki ya mtu mmoja, mfalme wa Wabelgiji. Wanavijiji walilazimishwa kuleta mpira wa msituni kwa kipimo kilichopangwa. Waliopungukiwa walichapwa viboko, wake zao wakashikwa mateka, na askari waliotumwa kuadhibu vijiji walikata mikono ya waliouawa, mara nyingine ya walio hai, ili kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1899 William Sheppard, mmisionari Mpresbiteri, Mmarekani mweusi, aliingia kambi ya wapiganaji waliotumiwa na dola huko Kasai, akahesabu mikono ya kulia 81 iliyokuwa inakaushwa juu ya moto. Mwezi Mei 1904 baba mmoja jina lake Nsala alifika kituo cha misheni cha Baringa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha ameketi barazani anavitazama. Picha hiyo ilizunguka kwenye mikutano ya hadhara Uingereza na Marekani na kuwaamsha watu ambao ripoti za maandishi zilikuwa hazijawagusa.

Sasa tuone nani alisema. Wengi wa waliopaza sauti walikuwa Waprotestanti, Wamarekani, Waingereza na Waswidi, watu ambao riziki yao ilitoka kwa washarika wa kwao ng'ambo. Wamisionari Wakatoliki, wengi wao Wabelgiji waliolindwa na mfalme, kwa jumla walikaa kimya, ingawa Mkatoliki mwenzao, Mjesuiti Arthur Vermeersch, aliuvunja ukimya huo mwaka 1906. Mwezi Mei mwaka huohuo Vatikani na Dola Huru ya Kongo, ndilo jina la milki ile ya Leopold, zilitia saini mkataba: kila kituo cha misheni kipewe hekta 100 hadi 200 za ardhi, bure na kwa kudumu, na misheni kwa upande wake ziendeshe shule chini ya usimamizi wa dola. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, iliyoeleza ukatili wote ule ilikuwa imechapishwa tangu 1904. Waliotia saini walikuwa na nafasi ya kuisoma.

Mtu asidhani ninawapigia debe Waprotestanti. Wao nao walichelewa kwa miaka, kwa kuwa bila kibali cha Leopold hawakuweza kupata viwanja vya vituo vipya, na mwaka 1903 misheni ya Wabaptisti wa Uingereza ilimpelekea mfalme salamu za shukrani kwa kupunguziwa kodi. Walioanza kusema ni wale ambao mfalme hakuwa na kitu kikubwa cha kuwanyang'anya. Biblia iliyosomwa vituoni ilikuwa ileile, amri ya "Usiue" imo katika kila nakala. Kilichotofautiana kilikuwa chanzo cha fedha.

Amosi alilikuta jambo hili karne nane kabla ya Kristo. Alipotabiri maangamizi ya nyumba ya Yeroboamu, kuhani Amazia hakumwambia kwamba unabii wake ni wa uongo. Alimwambia aende zake Yuda, akale mkate huko na kutabiri huko, "lakini usitabiri tena huko Betheli, kwa maana ni mahali patakatifu pa mfalme, nayo ni nyumba ya kifalme." Amazia alikuwa anasema kweli tupu: jengo ni la mfalme, mshahara wangu ni wa mfalme, katafute pa kulia mkate wako. Na jibu la Amosi lilihusu riziki. Yeye hakuwa nabii wala mwana wa nabii, alikuwa mchunga mifugo na mtunza mikuyu. Alikuwa na kazi yake. Wahubiri wengi huipita aya hiyo kana kwamba ni maelezo ya pembeni kuhusu unyenyekevu wake. Mimi naona ndiyo inayoeleza kwa nini Amosi aliweza kusema na Amazia hakuweza.

Konstantino hakulinunua Kanisa kwa siku moja, na sidhani kama alijiona ananunua. Alitoa. Alijenga basilika ya Laterani na ile ya Mtakatifu Petro pale Vatikani. Aliwaondolea makasisi mizigo ya utumishi wa miji, mizigo ambayo matajiri wa enzi zile waliikimbia kwa kuwa ilikula mali zao. Mwaka 321 aliruhusu mtu yeyote kuliachia Kanisa urithi. Haukupita muda mrefu matajiri wakaanza kuutafuta ukasisi ili wakwepe mizigo ile, hadi Konstantino mwenyewe akalazimika kuwawekea sheria ya kuwazuia. Mwaka 366 Damaso, yuleyule wa amri ya wajane, aligombania uaskofu wa Roma na Ursino. Wafuasi wao walipigana, na ndani ya basilika moja zikaokotwa maiti 137 kwa siku moja. Aliyetuachia hesabu hiyo ni Ammiano, mwanahistoria ambaye hakuwa Mkristo, naye hakushangaa. Anayekipata cheo kile, alieleza, ana uhakika wa zawadi za mabibi wa kitajiri, atapanda gari, atavaa vizuri, na karamu zake zitazipita za wafalme.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili, kwa sababu mali ileile ilifanya mambo ambayo ulimwengu wa Kirumi haukuyajua. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alijenga nje ya mji mahali pa kutunzia wagonjwa, wakoma, wageni na mafukara, palipokuwa pakubwa hata pakaitwa mji mpya. Mfalme Juliano, aliyetawala 361 hadi 363 na kujaribu kuirudisha miungu ya kale, alikiri kwa hasira kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na wetu juu yake. Kanisa halikuwashinda wapagani kwa hoja peke yake. Liliwashinda kwa uji wa wagonjwa na maziko ya watu wasio na ndugu, na vitu hivyo vinahitaji fedha. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mali yenyewe ndiyo sumu.

Na tuna mfano wa askofu aliyemkabili Kaisari. Mwaka 390 Kaisari Theodosio aliagiza wakazi wa Thesalonike waadhibiwe kwa kumuua kamanda wake. Askari wakawafungia watu katika uwanja wa michezo na kuwachinja. Wapo waliosema waliokufa walifika 7,000. Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia Kaisari kwamba hataadhimisha Ekaristi mbele yake mpaka atubu. Theodosio akatubu hadharani, bila mavazi ya kifalme. Ambrosi alikuwa ametoka ukoo wa watawala, na alipofanywa askofu mwaka 374 aligawa dhahabu na fedha yake. Baadaye aliviyeyusha hata vyombo vya altare ili kuwakomboa mateka, na alipolaumiwa alijibu kwamba Kanisa lina dhahabu ili litoe, si ili liweke. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumtishia kwa kumnyima kitu.

Hadithi hii hupendwa sana kwenye mahubiri, na mara nyingi hukatwa hapo. Miaka miwili kabla yake, 388, Wakristo wa Kalliniko, kando ya Mto Frati, walichoma sinagogi kwa uchochezi wa askofu wao. Theodosio aliamuru askofu huyo alijenge upya kwa gharama zake. Amri ya haki kabisa. Ambrosi alimkabili kanisani na kukataa kuendelea na ibada mpaka Kaisari aifute, na Kaisari akaifuta. Mtu yuleyule, ujasiri uleule, uhuru uleule wa kutodaiwa, na safari hii aliutumia kuwanyima Wayahudi haki yao. Hapa nadharia yangu ya mfuko inafika kikomo na lazima nikubali. Kutonunulika kunampa mtu uwezo wa kusema. Hakumchagulii wa kumsemea. Kanisa lisilo na deni kwa mfalme linaweza likawa na chuki zake lenyewe.

Karne za kati nitazipita haraka, maana kila mtu anazijua kwa jina. Albrecht wa Brandenburg alitaka uaskofu mkuu wa Mainz wakati tayari anao wa Magdeburg. Kibali cha Roma kilikuwa na bei, akakopa kwa wenye benki wa familia ya Fugger, na rehema, yaani vyeti vya kusamehewa adhabu za dhambi, zikauzwa Ujerumani kwa mgawanyo wa nusu kwa nusu: nusu kulipa deni, nusu kujenga basilika mpya ya Mtakatifu Petro. Martin Luther alipinga mwaka 1517, na kilichomwokoa na moto ni ulinzi wa mtawala wa Saxony. Wakulima walipoinuka mwaka 1525, wengine wakinukuu maneno yake mwenyewe kuhusu uhuru wa Mkristo, aliwahimiza watawala wawapige na kuwachinja. Sitaki kusema alikuwa analipa deni. Lakini hakuwahi kuandika kwa ukali wa namna ile dhidi ya mkono uliomlinda.

Zaidi ya hayo yote, kisa kinachonikaa rohoni ni cha Codrington. Mwaka 1710 Christopher Codrington, tajiri wa mashamba ya miwa, alifariki na kuliachia shirika la Kianglikana la kueneza Injili ng'ambo mashamba mawili kisiwani Barbados, pamoja na watumwa waliokuwamo. Shirika hilo liliongozwa na Askofu Mkuu wa Canterbury. Wasia ulikuwa na nia inayosikika vizuri: mapato yajenge chuo cha kufundishia watumishi wa Mungu na matabibu. Shirika likapokea. Kwa muda watumwa wa mashamba hayo walichomwa kifuani kwa chuma cha moto neno SOCIETY, ili anayewaona ajue ni mali ya shirika. Wengi walikufa kuliko waliozaliwa, na shirika likaendelea kununua wapya ili miwa isikose mikono. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kuwafidia mabwana. Shirika la Injili lilipata zaidi ya pauni 8,000 kwa ajili ya watu 411. Watu hao 411 wenyewe hawakupewa kitu.

Ninakirudia kisa hiki kwa sababu hakuna mla rushwa ndani yake. Hakuna askofu anayejijazia mfuko. Kuna kamati ya watu wacha Mungu waliokaa London, waliosali kabla ya kikao na baada ya kikao, wakasoma taarifa za sukari na za vifo, na kuona kwamba chuo kinahitaji fedha. Kila mwaka lilikuwapo lengo jema la kuwafanya wasimamishe swali. Sinodi ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi mwaka 2006. Ilichukua miaka 173 tangu sheria ile ipite, wakati ambapo hakukuwa na shamba wala mapato ya kupoteza.

Kutegemea dola kunaweza kumfikisha mtu mahali pa aibu kuliko hata dola ilivyokusudia. Ujerumani tangu kale ililipa makanisa kwa njia nyingi. Ardhi za Kanisa zilipotaifishwa mwaka 1803, watawala walichukua wajibu wa kufidia; Katiba ya 1919 iliagiza malipo hayo yakomeshwe, na hadi leo majimbo karibu yote bado yanayalipa, mamia ya mamilioni ya euro kwa mwaka. Juu yake kuna kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato ya muumini, inayokusanywa kwa kawaida na ofisi za kodi za serikali. Huu ndio mfumo waliokuwa wakiishi ndani yake wachungaji wa Kiinjili Hitler alipoingia. Wapo waliosimama. Tamko la Barmen la 1934 lilisema Kanisa halina bwana mwingine ila Kristo. Wachungaji vijana waliofunzwa nje ya mfumo rasmi, kama wale wa Dietrich Bonhoeffer huko Finkenwalde, walijua kwamba hakuna ofisi itakayowalipa na kwamba watakula kinachotolewa na waumini.

Halafu likaja jaribu la kiapo. Mwezi Aprili 1938 Friedrich Werner, msimamizi wa ofisi kuu ya kanisa, aliagiza wachungaji wote walio kazini waape utii kwa Hitler, kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Asiyeapa atafukuzwa. Walijadiliana kwa miezi, sinodi zikakaa, wakatafuta maneno ya kuifunika dhamiri, na mwishowe walio wengi wakaapa, pamoja na wengi wa wale waliokuwa upande wa Barmen. Walipokwisha kuapa ikajulikana barua ya Martin Bormann, kigogo wa chama cha Nazi, kwa viongozi wa chama: kiapo kile ni shauri la ndani la kanisa, na Kiongozi, yaani Hitler, hakukidai. Walikuwa wamejiuza kwa mnunuzi ambaye hata hakuwa sokoni. Nadhani ndivyo ilivyo kwa kanisa lililozoea kulishwa. Halingoji kuagizwa, linakisia matakwa ya mlishaji na kuyatimiza mapema.

Linajua pia aya za kusoma. Warumi 13, "hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu," ilisomwa Ujerumani, ilisomwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na husomwa kila mahali mkubwa anapoketi kiti cha mbele. Ufunuo 13, ambamo mamlaka ni mnyama atokaye baharini na hakuna awezaye kununua wala kuuza pasipo chapa yake, hubaki kwa ajili ya semina za nyakati za mwisho. Zote mbili zimo katika Agano Jipya, zote ziliandikwa chini ya dola ileile ya Kirumi. Wanateolojia wa Afrika Kusini waliotoa tamko la Kairos mwaka 1985 waliita usomaji wa namna ya kwanza teolojia ya dola, na jina hilo linastahili kutumika mbali na Afrika Kusini.

Wapo watakaojibu: basi Kanisa liwe fukara, mambo yaishe. Wafransisko walijaribu. Baadhi yao walishikilia kwamba Kristo na mitume hawakumiliki kitu, na kwamba wafuasi wao wasimiliki. Wanne kati yao walichomwa moto Marseille mwaka 1318, na mwaka 1323 Papa Yohane XXII akatangaza kwamba kusema Kristo na mitume hawakuwa na mali yoyote ni uzushi. Lakini hata bila moto, ufukara peke yake si kinga. Mchungaji ambaye karo ya watoto wake inategemea mfanyabiashara mmoja wa usharika ni rahisi kumnyamazisha kuliko askofu mwenye mashamba. Hahitaji vitisho. Anahitaji kuulizwa tu, kwa upole, kama watoto wameanza muhula vizuri.

Hapo ndipo mahubiri ya mafanikio yanaponitisha, na si kwa sababu ya ndege na magari ya manabii, ambayo ndiyo watu huyasema. Oral Roberts wa Marekani alieneza fundisho la kupanda mbegu: toa fedha kama mbegu, Mungu atakurudishia mavuno. Mwaka 1987 aliwaambia watu kwamba zisipopatikana dola milioni 8 Mungu atamwita nyumbani, na fedha zikapatikana. Ubaya wa ndani wa fundisho hili ni kwamba linageuza utajiri kuwa cheti cha kibali cha Mungu. Likishakubalika, kiongozi tajiri hana tena cha kuulizwa. Hakuna anayesema "umezipata wapi?" kwa sababu jibu limekwisha kuhubiriwa: ni upako. Na maskini aliyeibiwa dawa hospitalini na mtu huyohuyo anaambiwa tatizo ni imani yake ndogo. Leopold angelipenda sana fundisho hili.

Tunajua inavyokwenda. Mgeni rasmi anafika ibada ikiwa katikati, kwaya inakatishwa, walinzi wanapanga viti upya. Anakaribishwa "atusalimie", anashika kipaza sauti kwa dakika ishirini, nusu yake akiwasema wapinzani wake. Kisha anatoa bahasha, anataja kiasi, na kuahidi kingine cha kumalizia jengo. Makofi, vigelegele, maombi ya kumwekea mikono. Hakuna aliyeuliza kama mshahara wake halali unatosha kutoa kiasi kile. Simoni mchawi naye alikuja na fedha mkononi, na Petro akamjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Siku hizi angetafutiwa risiti na kiti cha mbele.

Oscar Romero alipoteuliwa askofu mkuu wa San Salvador, nchini El Salvador, mwaka 1977, matajiri wenye mashamba waliridhika. Walimwona mtu wa vitabu, mwoga wa siasa. Majuma machache baadaye padre rafiki yake, Rutilio Grande, aliuawa barabarani pamoja na mzee na kijana waliokuwa naye. Romero alidai uchunguzi, na usipofanyika akakataa kuhudhuria sherehe za serikali, hata kuapishwa kwa rais mpya. Alikaa katika vyumba vidogo kwenye hospitali ya wagonjwa wa saratani. Na kanisa kuu la jimbo, ambalo ujenzi wake ulikuwa unaendelea, aliliacha bila kumaliziwa, akisema fedha ziende kwa watu kwanza. Tarehe 23 Machi 1980 aliwaamuru askari hadharani, kwa jina la Mungu, wakomeshe ukandamizaji. Kesho yake alipigwa risasi altareni. Watu hukumbuka hotuba na risasi. Mimi nakumbuka pia lile jengo lisilokwisha, kwa sababu naona lilitangulia hotuba. Askofu anayehitaji saruji ya matajiri ili azindue kanisa kuu hawezi kutamka maneno yale.

Paulo alikuwa na utaratibu wake. Kwa Wafilipi alipokea msaada. Kwa Wakorintho alikataa, akashona mahema. Hakuwa na kanuni moja kwa wote, alipima nani akimpa atataka nini. Nasi tungeanza na mambo madogo yanayowezekana. Hesabu za usharika zisomwe zote, pamoja na majina ya watoaji wakubwa. Anayetoa asipewe kipaza sauti siku hiyo, awe nani. Fedha ya mtu wa serikali isiyoelezeka irudishwe kwa barua. Mshahara wa mchungaji utoke kwa wengi wanaotoa kidogo, hata kama ni mdogo kuliko ule ambao mfadhili mmoja angeweza kuulipa. Najua wazee wa kanisa watasema jengo litachelewa. Litachelewa, pengine miaka kumi. Na katika mkutano mkuu ujao muumini yeyote anayo haki ya kusimama na kumuuliza mweka hazina: kati ya fedha za mwaka jana, kiasi gani kilitoka kwa watoaji watatu wa juu, na ni lini mara ya mwisho mimbari hii ilitaja kosa la mmoja wao?